Mgao wa Meli na Mazishi ya Kaka Yangu Ganya

Simu ililia Jumanne saa nne asubuhi, mimi na mama tukichambua mchele. Wakala wa meli alisema kaka yangu Ganya ameteleza, kichwa kikagonga chuma, amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mama alibaki ameshika ungo, hakuuweka chini.

Ganya alikuwa mwangalizi wa uvuvi. Nchi zinazovua bahari kuu zimewekeana kikomo cha samaki jodari, na kila meli ina mgao wake wa msimu. Yeye aliishi ndani ya meli ya wageni akipima samaki wanaopandishwa, wasipitishe mgao. Alipopata kazi hiyo, watu wa kwetu Isiolo walimcheka.

"Mborana na samaki!" Kubai, rafiki yake muuza miraa, alimwambia. "Utawatia alama wapi, na hawana masikio kama ng'ombe?"

Baba yetu, mzee Dima, hakucheka. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepanga zamu za kunywesha mifugo kwenye visima vya Ewaso Nyiro wakati wa kiangazi. Ganya alimwambia, "Aba, ni kazi yako ile ile. Wa leo wakimaliza maji, wa kesho watakuta tope."

Sasa baba alichukua simu. "Mleteni nimzike."

"Mzee, meli itarudi baada ya siku kumi na tisa. Mgao wake haujaisha na msimu unafungwa. Tumweke kwenye friza ya samaki, ama azikwe baharini."

"Mtu akifa kisimani kwangu, nilikuwa nasimamisha zamu. Hata ng'ombe wenye kiu walingoja."

"Kapteni hawezi kugeuza, mzee."

"Na nani anapima samaki sasa?"

Wakala alikata simu.

Tulipigia kila ofisi tuliyoijua, hakuna iliyoweza kuigeuza meli. Jioni tulimwita Sheikh Ahmednur. Alisema kungoja kunaruhusiwa, na kuzika baharini pia kunaruhusiwa nchi kavu ikiwa mbali, mradi aoshwe na kuswaliwa.

Mama alilia, "Siku kumi na tisa katikati ya samaki? Mwanangu si mzigo!"

Baba alimpigia wakala tena, akauliza kama melini kuna Mwislamu. Alikuwapo mpishi, Mwindonesia, na mabaharia wanne wenzake.

"Basi amwoshe," baba alisema.

Kesho yake mpishi alimwosha, akamkafini kwa shuka nyeupe. Watu watano walimswalia, wakamfunga uzito miguuni, wakamshusha majini. Sisi tulimswalia baada ya adhuhuri, msikitini Bula Pesa, bila jeneza mbele yetu. Takbira nne, kisha salamu. Baba alivaa viatu, tukarudi nyumbani.