Siku Walipolisoma Jina la Shemeji

Asubuhi hiyo nilikuwa barazani kwangu Gitega, mtaa mmoja wa mji mkuu wetu, napinda suruali ya mbunge mmoja, na shemeji yangu Karoli akinikatia nyuzi. Redio ilikuwa imewashwa. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, na bunge lilikuwa linajibu ripoti ya tume iliyochunguza mauaji yaliyofanywa na askari wa serikali huko kaskazini.

Karoli, kaka wa mke wangu, alitoka huko. Aliwaona askari wakiwafukia wanawe wawili nyuma ya ofisi ya komini, yaani ya utawala wa eneo lao, na aliieleza tume kila kitu. Wakamshauri afiche jina, akakataa. Kwao ushahidi huanza na jina lako, la baba yako na la kilima unakotoka. Bila hayo ni umbea.

"Mutu hasemi iko mutoto wa nani, nani atamuamini?" aliniuliza.

Wabunge walisimama kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu. Wakaketi. Kisha mmoja akaomba kuwasomea wenzake majina ya "waongo wanaochafua nchi." Nilimtambua kwa sauti yake ya puani. Suruali yake ilikuwa mapajani mwangu.

Akasoma jina la Karoli. La baba yake. Kilima chake. Na anapokaa sasa: Gitega, kwa fundi cherehani.

Wakacheka.

Karoli akaweka mkasi chini. "Wamesoma muzuri," alisema. "Hawakukosea."

"Ondoka, shemeji. Sasa hivi."

"Nikikimbia, watasema kweli iko uongo."

Saa nane mchana walikuja wanaume wanne. Hawakuuliza nyumba.

Hatukupata hata maiti yake.

Siku tatu baadaye mheshimiwa alikuja kuchukua suruali. Alijigeuzageuza mbele ya kioo changu, akishika tumbo.

"Fundi, hapa kwa kiuno inabana."

Nikapiga magoti, nikampima upya, nikailegeza. Alinukia sabuni nzuri. Nikamwambia asante. Kinyaa cha siku hiyo hakijanitoka, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mwaka uliofuata niliwapoteza wengi, mke wangu akiwemo. Watu huniuliza juu ya mwaka huo. Mimi huanzia kwenye kile kicheko, maana waliocheka walikuwa wametoka tu kusimama kuwaombea wafu.

Miaka mingi ikapita, ikaja tume nyingine. Binti mwenye kalamu akaniambia kwa upole kwamba naweza kuficha jina, nikitaka.

Nikamfikiria Karoli na mkasi wake.

"Andika fundi tu," nikamwambia.