Pampu ya Gari Letu: Kutoka Gitothua hadi Gatuanyaga

Niliondoka Gitothua Jumamosi hiyo kwa sababu gari letu lilikuwa limelala na kukataa kuinuka. Ni gari kubwa la Kiingereza, la kukaa juu, aina ambayo ikipita Ruiru watu hudhani ni mheshimiwa fulani anakwenda kwenye harambee. Magari ya namna hiyo hayakalii springi za chuma. Hukalia mifuko ya upepo, na pampu moja ndogo huijaza mifuko hiyo gari likaamka. Letu halikuamka. Lilikaa uani kama ng'ombe anayecheua, tumbo karibu liguse changarawe, na kila kitu kingine nilikuwa nimekimaliza kukitengeneza.

Mume wangu, Ndirangu, alilinunua kwa familia moja ya Membley iliyokuwa imeliacha nje miaka mingi chini ya jakaranda. Rangi ilikuwa imebabuka, panya wametafuna waya, ngozi ya viti imepasuka. Alikusudia kulitengeneza mwenyewe, polepole, hapa hapa nyumbani. Kabla hajaanza, kazi ya gereji ikatokea Doha, akaenda. Huko anatengeneza magari kama hili, ya watu wengine, kutwa nzima.

Mwanzoni tulikuwa tukipigiana simu na kukosa la kusema. Umekula? Nimekula. Binti yetu Wambui anaendeleaje huko bweni? Vizuri. Kuna joto? Liko. Kisha kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake kwenye kioo kidogo, mpaka mmoja aseme mtandao umeharibika. Jioni moja nilimwambia kuku wa jirani ametaga kwenye kiti cha nyuma cha gari letu. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniomba nifungue mlango aone. Halafu akaniomba nifungue boneti.

Mimi ni fundi wa kushona: mapazia, vitambaa vya makochi, sare za shule. Spana sikuijua. Lakini tangu siku ile, kila jioni nilining'iniza simu kwenye kamba ya nguo naye akaniongoza. Si hiyo, ya pembeni. Geuza kushoto. Polepole, Nyambu, usiivunje. Nilisugua kutu kwa msasa, nikaunga waya zilizoliwa na panya, nikavishona viti upya kwa ngozi ya rangi ya chai. Saa za Doha na zetu ni moja, kwa hiyo giza lilituingilia sote pamoja, yeye kwenye kitanda chake cha juu, mimi na tochi mdomoni.

Tuliafikiana kwamba gari likikamilika ataomba likizo, nami nitakwenda kumchukua uwanja wa ndege nalo. "Teksi sitaki," alisema. "Nataka nikitoka pale nikuone umekaa huko juu." Tangu hapo, kila nati niliyokaza niliiona kama inamsogeza karibu. Mwishowe ikabaki pampu.

"Imekufa," alisema alipoona gari limelala. "Hiyo haitengenezwi. Tafuta nyingine."

Nikaifungua, nikaifuta mafuta, nikaivingirisha kwa taulo na kuitia kwenye kiondo, kikapu changu cha kufumwa.

Thika nilifika maduka ya vipuri yakifunguliwa. Nilizunguka mtaa mzima nikionyesha kiondo changu, na kila mahali nikaelekezwa duka moja la pembeni, lenye milango ya magari iliyoning'inizwa ukutani. Mwenyewe anaitwa Jagdish, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Thika, na Kikuyu chake ni safi kuliko cha binamu zangu wa Nairobi.

"Karibu, mama. Umeniletea githeri ya mchana?"

"Nimekuletea pampu."

Aliifunua, akaigeuza akitafuta namba zake. "Hii ni ya ile gari ya wakubwa. Bwana ako wapi akakutuma na kiondo?"

"Yuko Doha."

"Ĩĩ." Akavua miwani. "Mimi vijana wangu wawili wako Uingereza. Wanapiga kila Jumapili. 'Papa, umekunywa dawa?' Nimekunywa. Jumapili ingine tena, 'Papa, umekunywa dawa?' Siku moja nitawaambia sijakunywa, tuone kama wataongeza neno ingine."

Alitafuta rafu zote, hadi zile za juu ambazo alizifikia kwa ngazi huku akiugulia magoti. Hakuwa nayo. Akaniambia kuna mzee huko Gatuanyaga, aitwaye Kioko, mwenye gari kama letu lililokufa, na kwamba huenda pampu yake bado imo.

"Lakini sikia. Usiite hiyo gari skrepa, chuma cha kutupa. Atakufukuza na mbwa."

Baada ya Thika, ukielekea mashariki, nchi hubadilika haraka. Ubichi unabaki nyuma, lami inakwisha, na vumbi jekundu linaanza. Nilipanda bodaboda. Nyua za minyaa, mbuzi wamesimama barabarani kama wenye barabara, mahindi mafupi yaliyokata tamaa. Mwenye pikipiki alikuwa akikitazama kiondo changu kwenye kioo cha pembeni.

"Mathe, hiyo ni jiko ama ni bomu?"

"Ni mapafu ya gari."

"Basi shikilia poa, isikohoe."

Kwa Mzee Kioko nilifika jua likiwa kali. Gari nililiona kabla ya kuona nyumba. Lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, bila magurudumu, nyuma limebonyea vibaya, lakini kioo cha mbele kiling'aa mpaka nikajiona nikija. Mzee alitoka chini ya kivuli cha ghala, mrefu, amevaa koti la dereva licha ya joto.

"Ni zuri," nilisema, nikikumbuka onyo la Jagdish.

"Umeona?" Alimgeukia mke wake aliyekuwa akipepeta maharagwe mlangoni. "Umesikia mgeni?"

"Nimesikia," Mama Mbithe alijibu. "Mwambie pia halina injini. Anaosha hicho kioo kila Jumapili. Mimi nikimwambia anioshee hata sufuria, mgongo unauma."

Mzee aliniambia alimwendesha tajiri mmoja kwa gari hilo kwa miaka mingi, Mombasa. Lilipogongwa nyuma tajiri akamwachia. Nilimweleza shida yangu. Hakukataa kuuza, lakini alitaka kwanza kuhakikisha namba zinalingana, na kama pampu yake mwenyewe bado inafanya kazi. Akaifungua, akailaza chini karibu na ile yangu, akaleta betri ya sola ya nyumba, akagusisha waya.

Pampu yake ilinguruma.

"Iko sawa," alisema. Halafu, kwa mazoea tu, kama mtu anayeonja chumvi, akagusisha zile waya kwenye yangu.

Nayo ikanguruma. Nilisikia upepo ukinipiga kifundo cha mguu.

Mzee Kioko akanitazama. "Sasa mama, unataka nikuuzie nyingine ya nini? Yako ni nzima."

"Fundi amesema imekufa."

"Fundi gani? Kitu cha kwanza kuangalia ni rilei." Alinionyesha kidude cheusi cha mraba kwenye sanduku la fyuzi. "Hii ndiyo inapelekea pampu moto wa betri. Ikiungua, pampu inanyamaza. Gari hizi zote ni ugonjwa huo. Fundi wako hajui gari hizi?"

Ndirangu anazijua. Hakuna mtu ninayemfahamu anayezijua kuliko yeye. Nilisimama pale na jua utosini, na jambo nililokuwa nalijua sikutaka kulijua. Nikampigia. Ilikuwa saa yake ya chakula cha mchana.

"Umeipata?" aliuliza. Nyuma yake niliona ukuta mweupe na mtu akinawa mikono.

"Nimeipata. Na yetu ni nzima."

"Nani amesema?"

"Nimeisikia mwenyewe. Mzee wa huku Gatuanyaga anasema niangalie rilei."

Aliitazama sahani yake.

"Ndirangu, ulijua?"

"Umefika mpaka Gatuanyaga?"

"Nimekuuliza kitu."

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile ulinionyesha limelala."

Nilimwacha atafute maneno mwenyewe.

"Nilitia sahihi mkataba tena, Nyambu. Miaka miwili mingine. Wamekataa likizo mpaka yote iishe. Gari likiinuka ungeniuliza tarehe. Mimi sina tarehe."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, halafu? Halafu jioni nikupigie nikuulize nini? Umekula?" Alijaribu kucheka. "Sijui kuongea kwa simu, wewe unanijua. Nikiwa na gari mbele yangu, najua."

Mtu akamwita kwa Kiarabu, akainuka, kioo kikawa cheusi.

Simu ilikuwa kwa sauti kubwa na uwanja ni mdogo, kwa hiyo wenyeji wangu walikuwa wamesikia yote. Mzee Kioko aliondoka kwenda kutafuta rilei kwenye gari lake, akijifanya kazi ni ngumu. Mama Mbithe aliniletea uji, akaketi karibu nami na ungo wake.

"Huyu wangu alikaa Mombasa miaka kumi na moja," alisema. "Aliporudi tukawa kama wageni hotelini. Karibu kiti. Asante. Chumvi iko wapi? Iko pale. Nikajiuliza, huyu ndiye nilikuwa ninamlilia?"

"Mkafanyaje?"

"Tuligombana kuhusu hili gari. Nilimwambia aliuze, akakataa. Ee, hapo ndipo tulianza kuongea." Akapuliza makapi. "Hatujanyamaza mpaka leo."

Sikuweza kuketi tu nikingoja bodaboda. Ndani ya kiondo changu hukosi sindano na uzi mnene, na kiti cha dereva cha gari la mzee kilikuwa kimepasuka ubavuni, sifongo imetokeza. Nikaingia, nikaketi nyuma ya usukani wa gari lisilokwenda popote, nikashona. Mbele yangu, kupitia kioo kile kisafi, niliona barabara ya vumbi na mbuzi, na mbali sana moshi wa viwanda vya Thika. Nililia kidogo. Mzee alipokuja na rilei alisimama hatua chache, akakohoa ili nijue yupo.

"Umenishonea kuliko ya kiwandani," alisema. "Kwa hivyo hii chukua, tumelipana."

Njia ya kurudi sikuiona sana. Niliondoka nyumbani kutafuta pampu. Sasa nilikuwa narudi na pampu ile ile, na nikijua kwamba mwaka huu hakuna mtu wa kuchukuliwa uwanja wa ndege, wala ujao. Nilikuwa na hasira. Lakini hasira hiyo ilikuwa inavurugwa na jambo lingine: kwamba mwanamume mzima, fundi, alivumilia kuonekana hajui kazi yake ili tu nisimalize. Nilikuwa nimedhani ni mimi peke yangu ninayeingoja jioni. Hilo sikulijua asubuhi nilipotoka, na ndilo nililojifunza katika safari yote, ingawa si kitu cha kumfariji mtu akiwa na miaka miwili mbele yake.

Gitothua nilifika kukiwa bado kweupe. Sikubadilisha hata viatu. Nilirudisha pampu mahali pake, nikafungua sanduku la fyuzi, nikang'oa rilei yetu, iliyokuwa imeungua mguu mmoja, nikachomeka ya Mzee Kioko. Nikawasha injini. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha chini yangu pampu ikanguruma, na gari likaanza kuinuka, nyuma kwanza, halafu mbele, bila haraka, mpaka nikaweza kuona juu ya ua wa jirani, kamba yangu ya nguo ikiwa chini yangu.

Simu ililia saa ile ile ya kila jioni. Niliiacha ilie. Ilikatika, ikalia tena. Nikaipokea, nikaibana kwenye dashibodi, kioo kikitazama mbele.

"Nyambu?"

Alikuwa anaona mwenyewe boneti ikiwa imeinuka pamoja na gari, na lango.

"Limeamka," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Limeamka. Na sitalifunika turubai likungoje. Nitaliendesha. Wambui akifunga shule nitamchukua nalo."

"Ni sawa."

"Na siku ya kusikia habari zako kwa watu wa Gatuanyaga isirudi tena."

"Haitarudi." Akasogeza uso kwenye kioo. "Unaenda wapi sasa?"

"Sijui. Mpaka kwenye kona na kurudi."

"Nipeleke."

Nikafungua lango. Taa za mbele ziliwaka zote mbili. Tulipita duka la mboga, kanisa la mabati, mashine ya kusaga unga. Majirani walisimama kutazama. Nilisikia Ndirangu akipumua, akilisikiliza gari, na nilijua anachosikiliza ni magurudumu, breki, usukani, kila kitu alichonifundisha kukigusa.

"Punguza, Nyambu," alisema ghafla. "Kuna tuta hapo mbele."

"Liliondolewa. Walileta lami."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Barabara mbele yetu ilikuwa laini na nyeusi, tupu mpaka kwenye kona. Nikakanyaga breki polepole, tukapita hapo taratibu, kama watu walio na tuta mbele yao.