Siku Tisa Baada ya Garanti

Nina aibu moja ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa naoga peke yangu, najikuta nimesema "astaghfirullah" kwa sauti mpaka jirani anagonga ukuta kuuliza kuna nini, na sina cha kumjibu, maana nikisema ukweli itabidi nianze kumweleza kwamba niliwahi kumuua mtu mzima, mwenye ndevu zake na afya yake, kwa ajili ya kioo cha kompyuta. (Tulieni, hakufa. Mimi ndiye niliyetamani kufa siku ile.)

Naitwa Issa. Ni Mnyarwanda lakini nimekulia Kigoma, Kigali nimerudi nikiwa tayari na ndevu, na kazi yangu ni kutengeneza kadi za mialiko ya harusi. Ofisi sina. Nina meza moja pembeni ya cherehani za Shangazi Hadija, hapa Nyamirambo, na huyo si shangazi yangu mimi, ni shangazi wa Zulfa, na Zulfa ndiye niliyekuwa nataka kumuoa, kwa hiyo mnaona mambo yalivyokaa. Nikipiga chafya pale mezani asubuhi, adhuhuri kwao wameshajua.

Zulfa alifiwa na baba yake akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo, Mzee Ramadhani, na neno la mwisho lilikuwa la huyo. Wajomba zangu wa Kagugu walikuwa wameshapanga kwenda kwake Jumapili kwa ajili ya irembo, yaani ile siku ya kwanza ambapo wazee wa mwanaume wanabisha hodi rasmi na kusema wamekuja kwa sababu gani. Shangazi Hadija alikuwa ameninadi vizuri huko: kijana haombi mtu, ana kazi, ana mashini yake (hapa kompyuta ya mkononi tunaiita mashini). Sifa zangu zote zilikuwa hizo. Mashini.

Sasa mashini ilipofikisha mwaka mmoja na siku tisa ikaanza vituko. Nikiifungua kama watu wanavyofungua, kioo cheusi tii. Nikikishusha, kinawaka. Nikikiinua, giza. Nikadhani ni umeme, nikachomeka kwingine, giza. Nikadhani ni jua la dirishani, nikahama upande, giza. Nikaifunga, nikasoma bismillahi, nikaifungua polepole, na ilipofika kama upana wa kiganja ikawaka vizuri kabisa, rangi zote zipo, nikafurahi, nikainua kidogo nione vizuri, giza tena. Jamani, nilikaa nikaitazama ile mashini kama mbuzi aliyeona mlango mpya.

Nikaipeleka dukani nilikoinunua, kule mjini. Pale kuna mama mmoja wa Bukavu, Madamu Esperansi, mtu mchangamfu sana, akaichukua, akaifungua, akaifunga, akaangalia risiti, kisha akaniangalia mimi kwa huruma.

"Papa, kuko kawaya kembamba ndani, kanakatika pole pole kila ukifungua. Lazima kubadilisha kioo yote. Lakini garanti ilishaisha. Siku kenda zimepita."

"Siku tisa tu, Madamu?"

"Kenda ni kenda, papa."

Nikamuuliza sasa kile kikawaya kilijuaje kuwa garanti imekwisha, akacheka, akasema hata yeye hajui. Alipoona sicheki akainama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bosi wao huwa anasamehe siku chache kama mteja alichelewa kwa sababu nzito, ugonjwa, msiba, kitu kama hicho, basi niandike barua nimtumie. Hapo ningekuwa mtu mwenye akili ningeachana na hiyo barua, na ningekuwa nimeoa zamani.

Nilipotoka pale niliamua kitu kidogo tu, na ndicho kilichoniponza: sitamwambia mtu kwamba mashini ni mbovu. Siyo wiki ya irembo. Niendelee kuifungua nusu mpaka bosi atakapokubali, basi. Nikachukua kipande cha lastiki cha Shangazi, nikafunga mfuniko usizidi kile kiganja, na kazi nikaifanya hivyo hivyo, shavu limelala mezani, jicho moja ndani ya mashini, mkono unapapasa herufi. Akija mteja kuuliza kadi yake naifunga haraka (kwa nini aone nimelala?), namwambia nitamtumia kwenye simu. Akipita Shangazi, naifunga. Akipita mtu yeyote, naifunga.

Jumatano nikaandika barua. Sasa mnisikilize vizuri, maana nataka mjue sikuwa na nia mbaya. Niliandika kwamba nilichelewa kwa sababu ya msiba. Lakini msiba wa nani? Mama yangu siwezi kumtaja, yuko Kigoma ana sukari, naogopa kumchulia. Baba yangu hivyo hivyo. Wajomba ndio wanaokwenda kunisemea, nikiwaua wao nani aende? Nikawaza nitafute mtu ambaye bado si ndugu yangu kabisa, hata nikimtaja isiwe kama nimewachulia watu wa nyumbani. Wallahi wakati ule niliona ni hekima. Nikamwandika Mzee Ramadhani. Na kwa vile kalamu ilishakolea nikampamba kabisa, nikasema alikuwa mkwe wangu, amefariki ghafla kwa presha, na mimi ndiye niliyesimamia mazishi, nikaituma kwa Madamu.

Wiki hiyo hiyo mambo yakaanza kuwa ya ajabu na mimi sielewi hata moja. Nikiingia, mafundi wa cherehani wananyamaza. Zulfa nikimpigia anajibu "sawa" tu, kila kitu sawa, nikimuuliza una nini, sawa. Shangazi alikuwa ananiletea chai ya maziwa saa nne, akaacha, halafu Alhamisi akaileta akasimama nayo mkononi bila kuiweka.

"Issa, hii mashini yako iko na nini ndani?"

"Kadi tu, Shangazi."

"Kadi tu. Na mbona unaichungulia kama mtu anachungulia bafu ya jirani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaondoka na chai yake, na mimi nikabaki najiuliza kama kuna kadi ya mteja niliyokosea jina.

Ijumaa asubuhi Madamu Esperansi akajibu: bosi amekubali! Pole sana kwa msiba, chapisha barua, weka sahihi, ulete na mashini Jumatatu. Nilisikia mwili mzima umekuwa mwepesi. Nikaenda kuswali, nikarudi, nikalaza shavu mezani, nikafungua ile barua ili niiweke kwenye flashi nikaichapishe kwa jirani, na hapo ndipo kivuli kikaniziba. Nikafunga mashini kwa mazoea. Nikainua kichwa. Mzee Ramadhani, na kanzu yake ya Ijumaa, na Shangazi Hadija nyuma yake, na Zulfa nyuma ya Shangazi, macho mekundu.

"Asalaam aleikum, mwanangu," akasema mzee. "Fungua."

"Nifungue nini, Baba?"

Shangazi akadakia. "Fungua umuonyeshe yule bibi yako wa Kigoma! Wiki nzima umelala na yeye hapo mezani, mtu akipita unamfunika!"

Bibi? Kigoma? Nikamtazama Zulfa, Zulfa akatazama chini, na pole pole sana (mimi ni mzito, nakubali) nikaelewa kwamba wiki nzima walidhani nina mke naongea naye kwa video. Ningeweza kucheka kwa furaha, kwa sababu mke sina! Lakini sikucheka, maana nilikumbuka ni nini kilichokuwa wazi kwenye kile kioo.

Basi nikafanya kitu ambacho nilikiona cha akili sana. Nikatoa lastiki, nikaifungua mashini mpaka mwisho. Giza. "Mnaona? Mbovu. Imekufa. Ndiyo maana nainama, inasumbua, hakuna mtu ndani." Kwa mara ya kwanza nikaushukuru ule ubovu wake kwa moyo wote.

Mzee akatikisa kichwa, nikaona anaanza kulegea. Lakini Shangazi alikuwa ameniangalia wiki nzima, bwana. Akaja akaweka kidole juu ya mfuniko, akaushusha taratibu kama anavyoshusha mguu wa cherehani, na ulipofika upana wa kiganja, paa, mwanga ukatoka.

"Yewe! Baba Ramadhani, inajificha! Ikifunguliwa inajificha!"

Mzee akainua mfuniko aone. Giza. Akashusha. Mwanga. Akainua. Giza. Akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa, kisha akavua kofia, akavaa miwani, akasogeza mkasi na chaki za Shangazi, na akalaza shavu lake mezani. Mzee wa watu. Mafundi wote wameacha cherehani. Nikasema, "Baba, nitakusomea mimi," akasema, "Kaa kimya," na akaanza kusoma kwa sauti, neno moja moja.

"Nilichelewa... kuleta mashini... kwa sababu tulifiwa na mkwe wangu... Mzee Ramadhani... wa Nyamirambo."

Akarudia mstari. Akaendelea.

"Aliyefariki ghafla... kwa presha. Marehemu alikuwa mtu mpole... asiyepandisha sauti..."

"Huyo si wewe," Shangazi akasema. "Pengine ni Ramadhani mwingine."

Mzee hakuinuka. Alibaki vile vile, sikio juu ya meza. Halafu akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza:

"Mimi niko na presha?"

"Huna, Baba."

"Nani amekwambia niko nayo?"

"Hakuna, Baba. Niliandika tu."

Nikaeleza. Nikaeleza garanti, nikaeleza siku tisa, nikaeleza kikawaya, nikaeleza kwa nini sikumtaja mama yangu, na hiyo ya mama naomba Mungu anisamehe, nilidhani itanisaidia, ikaharibu kabisa, kwa sababu Shangazi akapiga yowe, "Kwa hiyo wa kwenu ni watu, sisi ndio wa kuzikwa!" Zulfa alitoka nje. Mzee akavaa kofia yake akasema, "Chukua hiyo mashini. Twende dukani."

"Dukani kufanya nini, Baba?"

"Kuonekana."

Tukapanda pikipiki mbili, yeye mbele na kofia mfukoni, helmeti kichwani, kanzu ameikunja magotini, mimi nyuma nimekumbatia mashini, nasali njia ifungwe, lakini njia za Kigali zikiwa hazitakiwi kufunguka ndipo zinafunguka. Madamu Esperansi alituona tukiingia, akaacha mteja, akaja mikono miwili mbele, akamshika mzee mkono.

"Pole sana, papa. Pole kwa msiba. Marehemu alikuwa ndugu yako?"

"Marehemu ni mimi," mzee akasema.

Madamu akaniangalia mimi. Akamwangalia mzee. Bado alikuwa ameushika ule mkono, akauangalia na huo mkono. "Mi sielewe," akasema, na kwa kweli hata mimi wakati ule sikuwa naelewa tena nani yuko hai. Mzee akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya kaunta, akamwomba asome jina, kisha akasema kijana huyu ana jambo la kukwambia. Nikalisema, mbele ya wateja sita na fundi wao, nimebeba mashini kifuani. Madamu alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, na alipomaliza kucheka akachukua karatasi ambayo bosi alikuwa ameandika kibali changu, akaichana vipande viwili. Haki yake.

Niliporudi nilimkuta Zulfa nje kwa Shangazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwomba radhi, na hakuniachia nianze hata moja.

"Huyo mtu alinilea, Issa. Kama yeye umemzika kwa ajili ya kioo, mimi utanizika kwa ajili ya nini?"

Nilirudi chumbani kwangu nikalia, sioni aibu kusema, nililia kama mtu aliyefiwa kweli. Irembo ya Jumapili ikafutwa. Wajomba zangu walipouliza kwa nini nikasema mzee ana dharura, kisha nikajiuma ulimi, nikawapigia tena nikawaambia ukweli, na mjomba mkubwa alikata simu.

Ilipita miezi mitatu. Mashini niliichomeka kwenye skrini kuukuu ya mezani, nikaiweka inaangalia mlangoni, kila anayeingia aone kila kitu, na kila aliyeuliza nilimwambia kioo cha mashini kimekufa. Kila Ijumaa nikaenda kumsalimia Mzee Ramadhani. Wiki za kwanza alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Mwishowe akatuma habari: wajomba waje, lakini safari hii hakutakuwa na msemaji, nitasimama mimi mwenyewe mbele ya familia nzima nisimulie jambo hili toka mwanzo, bila kuruka kitu.

Nikasimama. Nikasimulia. Nilipofika kwenye presha, wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, nilipofika kwenye mama yangu hakucheka mtu, nami sikuruka. Nikamalizia kwa kusema kwamba tangu siku ile sijamsingizia mtu hata mafua, kitu changu kikiharibika nitasema kimeharibika, na wala sitamzika mtu aliye hai tena, si kwa barua, si kwa mdomo. Mzee Ramadhani akamgeukia Zulfa, akamuuliza kama ameridhika na maneno ya huyu kijana. Zulfa akaniangalia usoni, mara ya kwanza baada ya miezi mitatu.

"Simwamini bado," akasema. "Lakini wazee wasiondoke."