Bi Lo na figili katika bonde la vitunguu

Mvua ya Yilan, kaskazini-mashariki mwa Taiwan, haijakatika tangu juzi, lakini Lo Hsiu-chin, 58, yumo shambani toka kulipopambazuka, kainama ndani ya koti la plastiki, anang'oa figili. Kushoto kwake ni vitunguu majani vya jirani, kulia pia. Bonde zima ni vitunguu, isipokuwa nusu eka hii.

"Walinicheka mpaka nikaona haya kupita barabarani," anasema bila kuinua kichwa.

Miaka miwili iliyopita kimbunga kilifagia mashamba. Kilo ya vitunguu ikaruka kutoka dola 40 za Taiwan hadi 280. Bi Lo, kama wenzake, akapanda vitunguu kila penye udongo. Baada ya miezi mitatu vikakomaa vyote kwa pamoja, bei ikaporomoka hadi 12. Ujira wa wavunaji ulizidi thamani ya mavuno, hivyo akavilima na kuvifukia ardhini bila kuvivuna.

"Hasara niliizoea. Kilichoniliza ni kutoelewa. Nilifanya kazi vizuri, sasa kosa langu nini?"

Swali hilo lilimfikisha kwenye darasa la watu wazima, utangulizi wa uchumi, kila Jumanne mchana. Mwalimu wake, kijana aitwaye Tsai, alichora mistari miwili ubaoni: bei ikipanda, wakulima huzalisha zaidi na wanunuzi hununua kidogo. Bi Lo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mstari wako hauna miezi. Bei naiona leo, kitunguu natoa baada ya miezi mitatu. Na sikuiona peke yangu."

Tsai akampa chaki.

Septemba iliyopita kimbunga kilipopandisha bei tena, Bi Lo akapanda figili. Jirani yake, Chiu, alisimamisha pikipiki kando ya mfereji. "Dada, shule imekuharibu. Watu wanapanda dhahabu, wewe figili?"

Wiki iliyopita vitunguu vilishuka hadi dola 15. Figili zilipata 22. Si utajiri, ila zimerudisha gharama na kuacha cha kula.

Juzi Chiu alirudi, safari hii kwa miguu, akataka kujua Bi Lo atapanda nini msimu ujao. Bi Lo akapiga hesabu. Akificha, atafaidi msimu mmoja. Akisema, bonde zima litakuwa figili.

Kwa hiyo ameziita kaya kumi na mbili Jumapili, wapangiane nani apande nini kabla ya mbegu kununuliwa. Mwalimu Tsai amemwonya kwamba makubaliano kama hayo huvunjika, kwani kila mtu hutazama faida yake.

"Nimemwambia naye aje," anasema Bi Lo. "Yeye anaujua uchumi. Mimi nawajua majirani zangu."