Ng'ombe wa Washindi wa Miwa

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani kujificha kwenye miwa.

Kiwanda chetu cha sukari kilinguruma usiku na mchana, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kompyuta ya kwanza. Niliiagiza ijumlishe tani za kila eneo, Ekero, Khwisero na mengine, kisha chini kabisa iweke jumla ya maeneo yote. Ikatii! Kwa furaha nikaongeza agizo: ipange kuanzia tani nyingi hadi chache, tujue eneo litakalozawadiwa ng'ombe. Nikachapisha bila kukagua, nikakimbilia uwanjani.

Wakulima walikuwa wamefurika. Meneja akanipa kipaza sauti, nami nikasoma mstari wa juu kwa mbwembwe zote: "Eneo lililoshinda ni... Jumla! Watu wa Jumla, simameni!"

Hakuna aliyesimama.

"Binti," mama mmoja wa Ekero akauliza, "hiyo Jumla inapatikananga wapi?"

Meneja akachungulia karatasi yangu, akashika kichwa. "Jumla si eneo, mama. Ni miwa ya nyinyi nyote."

Uwanja mzima ukainuka kwa vigelegele. "Basi ng'ombe ni wetu sote! Leteni kisu!"