Nimekatazwa kutaja jina, sasa kaka yangu ndiye anayeitwa muuaji

Admin, nifichie jina langu na la redio yangu. Nina miaka thelathini na mmoja, ni mtangazaji wa redio ndogo huku Masisi, na nina hasira kali.

Mwenye duka mmoja aliuawa kwenye barabara ya Lushebere. Mtu akakamatwa, kesi ikaanza, nikawa nahudhuria kila siku na daftari langu. Siku ya pili jaji akaamuru kwamba mpaka hukumu itoke, jina la mshtakiwa lisitangazwe, ili mashahidi wasidhuriwe. Atakayekaidi atafungwa na redio yake pia. Nikatii. Ila nilijiona mjanja, nikasoma hewani kwamba mshtakiwa ni "muuza maziwa mmoja". Ni ujinga wangu, sikatai.

Wauza maziwa wa njia ile ni wawili tu. Yule aliye kizuizini, watu walidhani amehamia Walikale. Wa pili ni kaka yangu, na wiki ile hakuonekana kwa sababu ng'ombe wake waliugua. Aliporudi na madumu yake, wakasema amehonga akaachiliwa. Hakuna anayenunua maziwa yake tena. Juzi walimrushia mawe akiwa malishoni, akarudi na kichwa kimepasuka.

Alikuja kwangu akaniomba nitangaze kwamba siye: "Dada, useme tu ku redio haiko mie."

Nilikimbilia kwa karani wa mahakama kuomba ruhusa ya sentensi hiyo moja. Akanijibu, "Wako wawili. Ukimutoa mumoja, umetaja mwingine."

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba karani anasema kweli. Yule mwingine hajahukumiwa, ana watoto, na mawe hayo yatahamia kwao. Lakini amri inayowalinda wote hao, mbona haimlindi kaka yangu? Na kesi imeahirishwa tena, hatujaambiwa mpaka lini.

Leo asubuhi mama yetu mzazi alifunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, uniambie mie tu. Iko yeye?"

Nikamwapia kwamba siye. Akasema, "Sasa juu ya nini redio yako iko inanyamaza?"

Kama mama aliyemzaa ameanza kuwa na shaka, hao wengine nitawalaumu vipi? Kesho saa kumi na mbili nasoma habari. Nishaurini ndugu zangu, niseme au ninyamaze?