Kwelea wa Nyuma ya Nyumba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kule Siakago, miaka ya tisini. Nilikuwa nimeshinda juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, nikiamia kwelea wasimalize mawele yetu, na kaka yako Njeru, mchanga bado, nimemfunga mgongoni. Kwelea wewe huwajui. Ni wadogo kama shomoro, lakini wakija kundi jua linafifia, na shamba lako linaisha hujamaliza kiporo.

Jioni hiyo kukawa na baraza. Chifu akatangaza kwamba eropleni itakuja kuwamwagia kwelea dawa pale wanapolala, kwenye migunga nyuma ya nyumba zetu. Nilipiga makofi mpaka mtoto akaamka. Nilikuwa nimechoka, sitakudanganya.

Afisa mgeni aliyekuja na chifu akasema dawa haina madhara kwa watu. Tufunike maji tu, watoto wakae ndani, na ndege watakaoanguka tusiwale.

Mama mkwe wangu akainuka. Huyo hakuwa mtu wa kupayuka. Hata kuku alimfukuza kwa kumbembeleza.

"Bwana mkubwa," akasema, "kama haina madhara, mbona nifunike maji?"

Akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mama Njeru, unapiga makofi. Pipa tutalifunika. Huyo mgongoni utamfunika na nini?"

Lo! Niliona haya, na hofu ikaniingia. Tena watoto wetu wote walizoea kuchoma kwelea na kula. Nani angewazuia kuokota?

Afisa akajibu kwamba eropleni hufuata ndege walipo.

"Na wakihama?" Mama akauliza.

Afisa akacheka. "Wakihama, mama, dawa itawafuata huko."

Basi kesho yake tukatoka kuwahamisha ndege kabla eropleni haijafika. Sisi Wambeere kuamia ndege tumezaliwa nako, ila hakuna aliyewahi kuamia miti. Kundi likitaka kushuka kulala, tunapiga madebe, sufuria, mabati. Mzee Juma, muuza nyama wa sokoni, akaja na wanawe wakitoka kuswali alasiri. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini ndege wakarudi, na jioni iliyofuata wakarudi tena. Wengine wakanung'unika eti tunafukuza msaada wa serikali. Mama alizidi kupiga debe lake, na mimi nikapiga langu na mtoto mgongoni akilia.

Mwishowe kundi likazunguka juu yetu, likaenda zake kwenye vichaka vya mbali, kusiko na nyumba wala kisima. Eropleni ilipokuja ilikwenda hukohuko. Siku hiyo tulikaa nje, na pipa letu lilikuwa wazi.

Sasa nasikia huko kwenu wanataka kunyunyiza dawa kutoka juu, na ninyi vijana mnasema wakubwa hawabishiwi. Mwanangu, dawa siikatai, njaa naijua. Nakataa imwagwe juu ya paa walipolala watu. Ukitangaziwa jambo, zile sifa zake ziache zipite, sikiliza onyo lake. Kisha uliza, kuuliza si ujinga. Na ukishauliza usirudi kuketi, shika debe, uite na jirani.

Mungu akupe mavuno, akupe mtoto wa kubeba mgongoni, na pipa lako la maji lisipate siku ya kufunikwa kwa hofu.